Shahidi Alisema Nini?

Kuna kazi niliyoifanya karibu miaka miwili baada ya kuacha chuo. Unatumiwa rekodi ya sauti, unasikiliza, unaandika kilichosemwa, kisha unakitafsiri kwa Kiingereza. Unalipwa kwa dakika za sauti, si kwa saa ulizokaa. Karo ilinishinda mwaka wa pili nikisomea isimu, kwa hivyo nilijiona nimeokota kazi ya fani yangu bila cheti. Ukiwa na kompyuta ya kuazima na hedifoni, chumba kimoja cha Githurai kinageuka ofisi.

Usiku mmoja nikafungua mahojiano na msichana wa shule kutoka Pwani. Anaulizwa kwa nini aliacha kwenda kwa mjomba wake. Ananyamaza. Unasikia kuku, unasikia mtu akiburuta kiti. Kisha anasema, "Alinifanyia tabia mbaya." Mimi nikaandika kwa Kiingereza kwamba mjomba alimkosea adabu. Nikaendelea, maana nilikuwa na rekodi nyingine mbili za kumaliza kabla ya asubuhi.

Wiki mbili baadaye, nikiwa kwenye matatu, hilo neno likanirudia. Si kila mtu Kenya anajua maana yake? Mtoto akisema "tabia mbaya" kwa sauti ile, baada ya kimya kile, haongei habari za adabu. Hata majaji wetu wameshaeleza katika hukumu zao kwamba watoto hutumia maneno kama hayo wakitaka kusema wamenajisiwa. Nilijua hayo yote na bado niliandika nilichoandika. Nikamtumia ujumbe aliyenipa kazi. Akajibu kwamba ripoti ilishakwenda, nisijali, wakati mwingine niwe makini.

Nilijali. Nikaanza kujiuliza: pale ambapo neno la shahidi linaweza kumfunga mtu maisha, na jaji hajui hata salamu ya lugha ya shahidi, wanafanyaje? Sisi Wakenya tukisikia korti ya kimataifa akili inakimbia Hague. Lakini jibu nililolipata lilitoka hapa jirani, Arusha, katika hukumu niliyoisoma kwenye simu siku kadhaa, nikikuza herufi kwa vidole. Ni hukumu ya kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, miezi michache tu baada ya mauaji ya kimbari. Makao yake yakawa kwenye jumba la mikutano la AICC, majengo ambayo mwanzoni yalikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyovunjika 1977. Nje ya jumba hilo, dereva wa daladala na mama wa ndizi wanaongea Kiswahili. Ndani, lugha za kazi zilikuwa mbili, Kiingereza na Kifaransa. Na mashahidi wengi waliopanda pale kizimbani walijua lugha moja, Kinyarwanda.

Akayesu alikuwa mwalimu, akawa mkaguzi wa shule, kisha akawa burugumesitiri, yaani mkuu wa komini ya Taba, mkoa wa Gitarama. Mwanzoni mwa Aprili 1994 alijaribu kuzuia vurugu. Mahakama iliona kwamba alibadilika baada ya tarehe 18 Aprili, alipohudhuria mkutano na viongozi wa serikali ya mpito. Hadi mwisho wa Juni, Watutsi wasiopungua 2,000 walikuwa wameuawa Taba. Yeye alikamatwa Zambia mnamo Oktoba 1995, na kesi yake ikaanza Januari 1997.

Waliomsikiliza walikuwa majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal aliyeongoza jopo, Lennart Aspegren wa Sweden, na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hakukuwa na wazee wa baraza. Utaratibu ulikuwa mchanganyiko. Wakili wa mashtaka anamhoji shahidi wake, wakili wa utetezi anamhoji kwa kumbana, kama tunavyoona kwenye korti zetu. Lakini pia jaji anaweza kuingia mwenyewe na kuuliza maswali mpaka aridhike, kama ilivyo desturi ya nchi zilizofuata sheria za Ufaransa. Mahakama haikufungwa na kanuni za ushahidi za nchi yoyote. Majina ya mashahidi yalifichwa nyuma ya herufi: J, H, JJ, OO.

Sasa fuata safari ya sentensi moja. Shahidi anaisema kwa Kinyarwanda. Mkalimani anaigeuza kuwa Kifaransa. Mkalimani mwingine anaisikia hiyo ya Kifaransa na kuigeuza kuwa Kiingereza. Anayesikiliza Kiingereza anapokea neno lililopita vinywa vitatu. Akiuliza swali, linarudi kwa njia ileile, kinyumenyume. Ukiwahi kutuma salamu za kijijini kupitia watu watatu unajua zinavyofika.

Kilichonishangaza ni kwamba majaji hawakujifanya hawaoni. Kwenye hukumu kuna sehemu nzima kuhusu ukalimani. Walikubali kwamba njia hiyo ilikuwa na hatari ya wazi ya kutoelewana. Wakaamua kwamba maandishi ya Kiingereza yakitofautiana na ya Kifaransa, watafuata ya Kifaransa, kwa sababu hayo yako hatua moja karibu na kinywa cha shahidi. Na pale ambapo uamuzi wenyewe umesimama juu ya maneno fulani, waliyaandika ndani ya hukumu kwa Kinyarwanda chenyewe.

Walimwita pia mtaalamu, Mathias Ruzindana, profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Watu walikuwa wakiniuliza isimu ni ya kazi gani, na kumbe kuna mwanaisimu aliyeapishwa akae mbele ya majaji watatu wa dunia awafundishe maana ya maneno.

Neno la kwanza zito lilikuwa "inyenzi". Kiswahili kina nyenze, yule mdudu anayepiga kelele, kwa hivyo sikio letu linaweza kudanganyika. Kwao inyenzi ni mende. Ni jina lililotumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliovamia kutoka nje, na kufikia 1994 redio ililitumia kwa watu wa kuangamizwa. La pili ni "Inkotanyi", jina la zamani la jeshi la mfalme, ambalo wapiganaji wa RPF walilichukua. La tatu ni "ibyitso", washirika wa adui.

Maneno hayo yalikuwa na kazi kubwa. Asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1994, mahali paitwapo Gishyeshye, Akayesu alihutubia umati wa watu zaidi ya 100 waliokuwa wamezunguka maiti ya kijana wa Interahamwe. Mashahidi walisema aliwataka waungane kummaliza adui mmoja, yaani mshirika wa Inkotanyi. Mwenyewe hakukana kwamba mkutano ulikuwepo. Alikana kuchochea mauaji.

Sheria inataka uchochezi uwe wa hadharani na wa moja kwa moja. Hapo ndipo utetezi wowote ungeshika: je, alitaja Watutsi? Alisema ueni? Ukimpa mtu wa Stockholm tafsiri ya maneno yale, ataona onyo dhidi ya waasi katika nchi iliyo vitani. Majaji wakasema kwamba umoja-kwa-moja wa maneno hupimwa kwa utamaduni na lugha ya waliosikia. Maneno yanaweza kuwa wazi kabisa katika nchi moja na yasiwe hivyo katika nchi nyingine. Swali ni kama watu waliosimama pale Gishyeshye walielewa mara moja wanaambiwa nini. Baada ya kumsikia Ruzindana na mashahidi, jopo likaridhika kwamba Inkotanyi lilikuwa na maana zaidi ya moja, na kwamba katika mazingira yale umati ulielewa ni wito wa kuua Watutsi. Mauaji yakaenea Taba baada ya hapo. Akapatikana na hatia ya uchochezi.

Sisi tuliokulia Kenya baada ya 2007 hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua "madoadoa" si rangi ya ng'ombe.

Lakini kilichonipeleka kwenye hukumu hii ni kile cha msichana wa Pwani, na nilikikuta. Kesi ilipoanza, hati ya mashtaka haikuwa na ubakaji hata kidogo. Shahidi J aliitwa kueleza mambo mengine. Akasema, kama anayepita tu, kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu. Wachunguzi hawakuwa wamemuuliza kuhusu jambo hilo. Majaji ndio waliomuuliza zaidi, na akaeleza kwamba alisikia pia kuhusu wasichana waliobakwa kwenye ofisi ya komini. Shahidi H naye, alipokuwa kizimbani, alieleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa. Juni 1997 upande wa mashtaka ukaruhusiwa kurekebisha hati na kuongeza mashtaka ya ukatili wa kingono. Jaji Pillay alikuwa mwanamke pekee kwenye jopo lile. Sitaki kudai kwamba hilo peke yake ndilo lililobadilisha kesi, lakini siwezi kulipuuza.

Kisha likaja tatizo la maneno. Mashahidi walitumia maneno manne ya Kinyarwanda ambayo wakalimani waliyageuza yote kuwa "kubaka". "Gusambanya", ambalo kimsingi ni kumfanya mtu azini. "Kurungora", kumwingilia mwanamke. "Kuryamana", ambalo msemaji wa Kiswahili analisikia mara moja: kuryama ni kulala, kwa hivyo ni kulalana. Na "gufata ku ngufu", kushika kwa nguvu, neno linaloweza kutumika hata kwa mtu aliyenyang'anywa kitu. Ukiyachukua moja moja kutoka kwenye kamusi, matatu kati ya hayo hayana nguvu ndani yake wala kukataa. Wakili mjanja angeweza kusimama na kusema: huyu mama amesema walilalana, basi walilalana.

Jopo halikukwepa. Liliyaorodhesha maneno yote manne, likatoa maana ya kila moja, likatazama yalitumika wapi na baada ya maelezo gani. Likahitimisha kwamba katika mazingira ya ushahidi ule, tafsiri ya wakalimani ilikuwa sahihi. Na likaenda mbele zaidi. Hadi wakati huo sheria ya kimataifa haikuwa na maana iliyokubalika ya ubakaji. Majaji wakakataa kuutafsiri kama orodha ya viungo na vitendo. Wakasema ni uvamizi wa mwili wenye sura ya kingono, unaofanywa katika mazingira ya kulazimisha. Tazama ukubwa wa maana hiyo. Shahidi anayeona haya kutaja kiungo kwa jina hahitaji kukitaja. Akisema kwa maneno ya mamake, na mazingira yakaonekana, inatosha.

Hukumu ikasema kwamba ubakaji ule, ukiwa umefanywa kwa nia ya kuangamiza Watutsi, ulikuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kusema hivyo, na mara ya kwanza pia kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi nzima.

Majaji walikuwa na lugha zao wenyewe za kusuluhisha pia, maana hata sheria ilikuwa na ndimi mbili. Kwenye maana ya mauaji ya kimbari, maandishi ya Kiingereza yalitumia "killing", yale ya Kifaransa "meurtre". La kwanza linaweza kubeba hata kuua bila kukusudia. La pili haliwezi. Jopo likachagua la Kifaransa, kwa sababu mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na penye shaka hufuatwa maana inayompa nafuu. Lakini kwenye uhalifu dhidi ya binadamu mambo yaligeuka: Kiingereza kilisema "murder", Kifaransa "assassinat", ambalo linataka mpango wa kuua uliopangwa kabla. Hapo wakasema Kifaransa kina kosa la tafsiri, wakafuata Kiingereza, ingawa hilo halikumpa mshtakiwa nafuu. Nilisoma sehemu hizo mbili mara tatu. Watu wanafikiri sheria iko juu ya lugha, inaielekeza. Hapa tafsiri ya mtu fulani asiyejulikana, aliyekaa mezani na kamusi, ilikuwa imeingia hadi kwenye sheria yenyewe.

Jambo lingine walilolipima ni maelezo yaliyoandikwa kabla ya kesi. Mchunguzi anakwenda kijijini na mkalimani, anazungumza na mama aliyepoteza watoto, anaandika muhtasari kwa Kiingereza au Kifaransa. Miaka miwili baadaye mama yuko kizimbani na wakili anamsomea karatasi: hapa ulisema hivi, leo unasema vile, uongo ni upi? Majaji waliamua kwamba karatasi hizo zina uzito mdogo kuliko ushahidi wa mdomo uliotolewa chini ya kiapo mbele yao. Waliandika pia kwamba Mnyarwanda akiulizwa jambo nyeti huenda asijibu moja kwa moja, na kwamba wengi walipata shida na tarehe, umbali na ramani. Hayo hawakuyahesabu kuwa uongo. Shosho yangu anapima umbali kwa "hapo tu" na miaka kwa ukame. Ningependa asikilizwe na jaji wa aina hiyo.

Akayesu alipatikana na hatia kwa mashtaka 9 kati ya 15. Oktoba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2001 chumba cha rufaa kikaithibitisha hukumu.

Nisiipambe korti hii kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 1997, Nairobi, polisi wa Kenya na wachunguzi wa mahakama waliwakamata washukiwa saba kwa mpigo katika operesheni iliyoitwa NAKI, yaani Nairobi–Kigali. Miongoni mwao alikuwa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji, na Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa maswala ya wanawake. Walikuwa wakiishi mjini kwetu. Kesi ya Nyiramasuhuko na wenzake watano, iliyojulikana kama kesi ya Butare, ilianza 2001 na hukumu ikatolewa 2011. Miaka kumi.

Katika kesi hiyo, mwisho wa Oktoba 2001, shahidi aliyebakwa alikuwa akihojiwa na wakili wa utetezi, swali juu ya swali, na majaji wakacheka. Mahakama ilieleza baadaye kwamba walimcheka wakili na maswali yake, si shahidi. Huenda ni kweli. Lakini yeye alikuwa amekaa pale na hedifoni, anangoja maneno yafike kwa lugha yake, na kicheko kilifika kwanza. Kicheko hakihitaji mkalimani. Mapema mwaka uliofuata vyama vya manusura, Ibuka na Avega, vilisitisha ushirikiano na mahakama kwa muda. Vilikuwa na malalamiko mengi kuhusu jinsi mashahidi walivyotendewa, na lile lilikuwa mojawapo.

Kwa hivyo kanuni nzuri za kusikiliza hazisikilizi zenyewe. Korti ni ileile, jengo ni lilelile, vibanda vya wakalimani ni vilevile. Chumba kimoja kilikaa na neno la mama wa kijijini mpaka kikalielewa. Kingine hakikuweza hata kuzuia uso.

Mahakama ile ilifungwa mwisho wa 2015, baada ya kuwashtaki watu 93 na kuwahukumu 62. Arusha bado ni mji wa korti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale, na ya Afrika Mashariki pia. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa moja ya lugha zake za kazi. Tulishangilia sana mtandaoni, mimi nikiwemo. Lakini lugha ikiingia kortini inaingia na haya zake, mafumbo yake na "tabia mbaya" zake. Siku moja kutakuwa na mtu kibandani, hedifoni masikioni, na shahidi atanyamaza, kisha atasema maneno matatu ya Kiswahili. Huyo mtu atakuwa na sekunde chache za kuamua.

Mimi bado nafanya kazi ya rekodi, ingawa si kwa yule wa kwanza. Nikifika kwenye neno la aina hiyo, naliacha kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza, kisha naeleza chini linabeba nini, na kimya kilichotangulia kilikuwa cha muda gani. Inachukua muda na malipo ni yaleyale. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini nisiandike tu neno moja la Kiingereza tuendelee. Nikamwambia kuna majaji watatu Arusha walishindwa kufanya hivyo.

Msichana wa Pwani simjui jina. Rekodi ilikuwa na nambari tu, na baada ya kazi tulitakiwa kufuta faili. Nilifuta. Mahali fulani kuna ripoti inayosema alikosewa adabu, na tafsiri ni yangu.